Tulivyomsindikiza Askari kwa Honi ya Harusi

Miaka ile pikipiki mjini Dodoma zilikuwa chache kiasi kwamba ukisikia moja inapita ungeweza kumtaja mwenye nayo bila kutoka nje. Bodaboda zilikuwa hazijaja. Mitumba ilikuwa imejaa sokoni, maduka yaliyozoea kuuza chumvi na viberiti yalianza kuuza redio na sabuni za kunukia, na wenye akili ya biashara walishuka Dar es Salaam wakarudi na vitu ambavyo hatukuwa tunajua kwamba tunavihitaji. Mimi nilikuwa bibi shamba. Nilitoka Iringa, nikahamishiwa Makutupora kushughulika na wakulima wa zabibu, na serikali ikanipa pikipiki nyekundu yenye kiti kilichochanika. Mwanamke juu ya pikipiki alikuwa sinema ya bure. Mwanzoni niliona aibu. Baadaye nikaanza kupita njia ndefu makusudi.

Jumapili mchana tulikuwa tunakutana watu wanne kwenye gereji moja pale mtaa wa Kikuyu, kila mtu na pikipiki yake na malalamiko yake. Wa kwanza alikuwa Mrangi wa Kondoa, mfanyabiashara wa mitumba, mtu wa swala tano, aliyezunguka minada yote ya mkoa na marobota ya nguo yamefungwa nyuma. Wa pili alikuwa karani wa bungeni. Huyu alivaa tai hata akiendesha, na kwa kuwa alishinda akisikiliza waheshimiwa, alizungumza kama wao. Ukimwomba akupitishie spana anakujibu kwamba anaunga mkono hoja. Wa tatu alikuwa katekista, mpole kabisa akiwa anatembea kwa miguu, lakini akishapanda pikipiki anageuka mtu mwingine. Alikuwa na mtindo wake wa kusimama juu ya vikanyagio, kuachia usukani na kutandaza mikono. Alisema ni mkao wa kubariki. Wa nne mimi.

Kazi ya kusindikiza maharusi ilituangukia tu. Binamu yake Mrangi alioa, tukafunga riboni kwenye pikipiki, tukatangulia mbele ya gari la bibi harusi tukipinda huku na huku barabara nzima, katekista akibariki kushoto na kulia. Watu walitoka majumbani kutazama. Tangu siku hiyo hakuna kamati ya harusi pale mjini iliyotupumzisha. Walitulipa kwa pilau. Mrangi akaona ni lazima tuwe na honi ya maana, akaleta moja kutoka Dar inayopiga wimbo mzima, ule ambao kila mtu aliujua kwamba ni wa bibi harusi anaingia ukumbini. Ilisikika mtaa wa tatu. Ukishaibonyeza huwezi kuikatiza. Lazima imalize wimbo wake.

Kulikuwa na wa tano, ila huyu alikuwa wa likizo kwa likizo. Alikuwa askari, Mgogo wa kijiji kimoja ng'ambo ya Mpwapwa, na alipopata ruhusa alifikia kwa mjomba wake hapo hapo Kikuyu. Alipenda pikipiki kuliko sisi wote, na sijapata kuona mtu asiyejua kuendesha kama yeye. Jeshi lilimfundisha mambo mengi, lakini kona halikumfundisha. Siku moja aliniomba nimwazime pikipiki ya serikali pale Makutupora, akaingia nayo moja kwa moja kwenye shamba la zabibu, akapita chini ya nyaya za kutambazia mizabibu, akatokea upande wa pili bila pikipiki. Nilimkuta amekaa chini, majani kwenye kola, anakula zabibu. Akaniambia udongo wa pale ni mzuri, ameupima mwenyewe.

Mimi Mhehe, yeye Mgogo, kwa hiyo tulikuwa watani, na utani wetu haukuwa na huruma. Kila akiniona aliuliza mbwa wa mtaani wamebaki wangapi, maana Wahehe tunasingiziwa kwamba tunawala. Mimi nilimwambia namshukuru Mungu kwamba adui wa nchi hawajui anavyoendesha, wangevuka mpaka siku hiyo hiyo.

Likizo yake ya mwisho alitutangazia kwamba akirudi tena anaoa. Mchumba hakuwa naye bado, lakini alisema hayo ni mambo madogo. Alitaka tumsindikize kuanzia mjini mpaka kwao, na alitaka aendeshe mwenyewe, bibi harusi akae nyuma. La kumsindikiza tulikubali. La kuendesha mwenyewe karani alilipigia kura papo hapo, na likakataliwa kwa sauti moja.

Hakurudi kuoa. Alipelekwa nchi ya mbali na wenzake kulinda amani ya watu wengine, na huko akauawa. Mjomba wake ndiye aliyekuja gereji kutuambia. Alisimama mlangoni, akavua kofia, akasema kijana wenu hayupo tena, mwili utafika Dodoma wiki hiyo na atazikwa kwao. Kisha akavaa kofia akaondoka, kwa sababu alikuwa na nyumba nyingine za kupitia. Katekista alikuwa ameshika plagi anaisafisha, akaendelea kuisafisha mpaka nikamnyang'anya.

Karani ndiye aliyesema kwamba lazima tumsindikize, tulishakubali. Mrangi akasema, kwa haki kabisa, kwamba sisi tunachojua ni harusi tu. Katekista akasema tofauti ni mwendo. Msiba ni harusi inayokwenda polepole. Hilo lilitusikitisha na kututia moyo kwa pamoja, tukaenda barabara ya nyuma kufanya mazoezi.

Sijui kama umewahi kuendesha pikipiki polepole sana. Ni kazi. Tulijipanga wawili wawili, nyuso zimekunjwa, tukaanza kwenda mwendo wa jeneza. Karani alianguka wa kwanza, polepole, kama mtu anayejilaza. Katekista, ambaye mikono mitupu ilimweka wima katika mwendo wa kasi, alishindwa kabisa kusimama kwenye mwendo wa heshima, akaenda kwenye ua wa mama mmoja aliyekuwa anachambua mchele. Yule mama alituuliza tunafanya nini. Tulipomwambia tunajiandaa na msiba, alitutazama mmoja mmoja akatuuliza ni wa nani kati yetu.

Siku yenyewe tulifika hospitali asubuhi. Tulikuwa tumebandua riboni zote, isipokuwa pale zilipogandia kwenye gundi, na Mrangi alikuwa ameisokomeza honi yake kwa soksi na kuifunga juu kwa kipande cha mpira. Nilimwambia aikate waya. Akanijibu kwamba alishajaribu, lakini waya wa honi fundi aliuunganisha na wa taa na wa kuwashia, na akikata mmoja hajui ni upi utamfia. Lori la jeshi lilikuwa limesimama, jeneza limeshapakiwa, limefunikwa bendera, askari wamekaa pande mbili na bunduki zao. Msimamizi wao alikuwa sajenti mmoja mwenye masharubu yaliyopimwa kwa rula.

Karani alijinyoosha tai, akamweleza kwamba sisi ni marafiki wa marehemu na tungependa kutangulia mbele ya msafara. Sajenti akatukagua. Macho yake yalisimama kwenye kipande cha riboni ya waridi kwenye kioo changu.

"Huu ni msafara wa jeshi," alisema. "Raia nyuma."

Basi tukakaa nyuma. Kabla ya kuondoka nilikwenda kumsalimia mama wa marehemu, aliyekuwa ameketi mbele ya lori kati ya dereva na nafasi ya sajenti. Watu walimshauri asubiri nyumbani, akakataa. Alisema mwanawe alikwenda mbali vya kutosha peke yake. Nilikuwa sijawahi kumwona. Nikamwambia shikamoo mama, na kisha, kwa Kigogo changu kibovu, nikamsalimu mbukwenyi. Akauliza mimi ni nani. Nikasema mimi ndiye yule Mhehe wa pikipiki.

Akanitazama. Macho yalikuwa mekundu ya siku nyingi. "Mtani," akasema, "umekuja. Nitawatumia salamu nyumbani wamfunge mbwa."

Sajenti alisikia, akageuka kututazama kama watu waliopungukiwa akili. Mimi nilirudi kwenye pikipiki, nikavaa kofia ngumu haraka ili nilie humo ndani.

Kwenye lami tulikwenda vizuri. Mazoezi yalikuwa yametusaidia, au labda huzuni ndiyo iliyotusaidia. Tulinyooka mistari miwili nyuma ya lori, na watu walioona bendera walisimama kando ya barabara na kuvua kofia. Tulipoacha lami pale Mbande na kushika barabara ya vumbi kuelekea Kongwa, mambo yakabadilika. Ilikuwa kiangazi. Lori lilitimua wingu jekundu zito, na sisi wa nyuma ndio tuliopangiwa kulimeza. Karani akawa na tai nyekundu, ingawa asubuhi ilikuwa ya bluu. Katekista alisimamisha pikipiki kila baada ya muda kufuta miwani kwa kanzu, kisha akatukimbilia tena kwa kasi iliyonifanya nimwombee. Niliona midomo ya Mrangi ikitembea, na sidhani kama ilikuwa dua.

Mbele kidogo ya hapo kulikuwa na kijiji kilichokuwa na mnada siku hiyo. Ng'ombe walikuwa wamejaa barabarani, lori likasimama kuwapisha, na sisi, kwa ajili ya kupata hewa tu, tukajisogeza pembeni mwa lori mpaka tukafika usawa wa bodi. Ndipo pikipiki ya Mrangi ilipoingia kwenye shimo.

Ile honi ilijikohoza kwanza. Soksi ikatoka kama kizibo. Halafu wimbo wa bibi harusi ukaanza, wote, kwa sauti yake ya mtaa wa tatu, katikati ya mnada.

Mrangi aliiziba kwa mkono. Aliipiga kwa kandambili. Alizima pikipiki, ikaendelea kupiga. Na wanawake waliokuwa wanauza ubuyu na karanga upande ule wa barabara, walioona pikipiki za kusindikiza na kusikia wimbo, bendera ikiwa imefichwa na bodi ya lori na vumbi, wakafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa heshima angefanya. Walipiga vigelegele. Waliacha biashara wakaja mbio, wakicheza, mmoja akatandika kitenge chake mbele ya magurudumu ya lori, na mmoja mnene, mwenye kilemba cha njano, akazunguka nyuma huku akiyumbisha mabega ili amwone bibi harusi kabla ya wengine.

Akaona jeneza.

Vigelegele vilikatika kuanzia kwake kwenda kwa wenzake, mmoja baada ya mwingine. Honi ikabaki inaimba peke yake. Ilikuwa imefika ubeti wa pili.

Sajenti aliteremka. Alitembea kuja kwa Mrangi, wala hakukimbia, jambo ambalo lilitutisha zaidi. Mrangi alikuwa ameikumbatia pikipiki yake kama mtu anayemnyamazisha mtoto, jasho linachora mistari kwenye vumbi la uso. Sajenti alikuwa ameshafungua mdomo wakati mama wa marehemu alipomwita dirishani.

"Mwanangu, waache."

"Mama, hii ni dharau."

"Si dharau. Huyu wangu alikuwa hajaoa. Hivi vigelegele vilikuwa vyake, vimechelewa tu."

Kisha akamgeukia yule mwanamke wa kilemba cha njano, aliyekuwa amesimama na mikono kichwani, akamwambia kwa Kigogo maneno ambayo katekista alinitafsiria baadaye: kwamba huyu ni mwanangu, ni askari, ameuawa ugenini, na ningependa aondoke hapa kama mlivyompokea. Yule mwanamke alianza tena. Safari hii kigelegele kilitoka kimepasuka katikati, nusu kilio, na wengine wakamfuata hivyo hivyo, wakilisindikiza lile lori polepole huku wanacheza na machozi yanatiririka. Nimehudhuria misiba mingi tangu siku ile. Sijasikia sauti kama ile.

Honi ilimaliza wimbo wake, ikanyamaza kama kwamba haikuwa imefanya lolote. Mama alimwambia sajenti kwamba sasa hizi pikipiki zitangulie mbele. Sajenti akaanza kumweleza juu ya utaratibu, naye akamsikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akamwuliza kama huo utaratibu una mama. Sajenti akampigia saluti, akageuka kwetu.

"Raia mbele," akasema.

Tukatangulia. Ninakiri kwamba wakati tunalipita lori, karani aliitikisa tai yake vizuri ili vumbi lake limfikie sajenti, na mimi niliongeza mafuta kidogo kuliko ilivyohitajika.

Tulifika kijijini alasiri. Ni mahali pazuri, chini ya vilima, na watu wote walikuwa wamekusanyika kwenye boma la mama. Mbwa alikuwa amefungwa. Walimfunga kwenye nguzo ya zizi, mbali, na kila aliyenisalimia alinionyesha kwa kidole mahali alipo, ili nisihangaike kumtafuta. Wazee wa pale walinieleza bila kuzunguka kwamba wamefurahi kupata mtani wa kweli, kwa sababu msiba usio na mtani unakuwa mzito mno kuubeba. Nilijua wanachotaka. Kwetu pia ndivyo tunavyofanya. Lakini nilipoliona lile jeneza limewekwa juu ya mkeka uani, nilikwenda kukaa na wanawake nikajifunika kanga.

Mama ndiye aliyenifuata. Akaniuliza kwa sauti, ili wote wasikie, "Mtani, mbona umekaa kama mgeni? Au njaa?"

Basi nikainuka. Nikachukua fimbo ya mzee mmoja, nikaishika kwa mikono miwili kama usukani wa pikipiki, nikapiga kwata hatua chache mbele ya jeneza, nikapanda pikipiki isiyokuwepo. Nilimwigiza marehemu wao. Nilitoa kidevu nje kama alivyokuwa anakitoa, nikaunguruma, nikajinyanyua kwenye kona nisiyoiweza, nikapita chini ya nyaya za zabibu, nikaanguka. Nikakaa pale chini kwenye vumbi nikila zabibu. Kisha nikasema, kwa sauti yake, kwamba udongo wa hapa ni mzuri, nimeupima mwenyewe.

Walicheka. Wazee walicheka, mjomba alicheka mpaka akashika ukuta, na mama alicheka akiwa ameziba mdomo kwa ncha ya kanga, na katikati kicheko kikageuka kilio, nikaenda nikamshika. Karani na Mrangi walikuwa wamepeana mgongo ili wasionane. Katekista alikuwa nyuma ya kitabu cha nyimbo na kitabu kilikuwa kinatetemeka. Sajenti alisimama wima na askari wake, hana la kufanya na uso wake. Nilimwona akimwinamia mzee aliyekuwa karibu, akauliza kitu, na yule mzee akamweleza kwa mikono mingi. Baada ya hapo sajenti alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena.

Tukazika. Katekista alisaidiana na mchungaji, na akiwa kaburini hakutandaza mikono hata mara moja. Bendera ilikunjwa, akapewa mama. Ndipo askari wakapiga risasi za heshima.

Hakuna aliyekumbuka kumwambia sajenti kuhusu ng'ombe. Waombolezaji walikuwa wengi na wa dini mbili, kwa hiyo wazee walimwomba Mrangi achinje ili wote wale, naye alikuwa ameshakunja mikono na kunoa kisu. Dume lenyewe lilifungwa kando ya zizi, dume jeusi lenye nundu, zawadi ya mjomba. Mlio wa kwanza wa bunduki lilishtuka. Wa pili likakata kamba. Wa tatu lilikuwa limeshapita kwenye masufuria, limebeba ungo mmoja kwenye pembe, na linaelekea korongoni kwa kasi ambayo sijaiona hata kwa katekista.

Hapo heshima zote zilikwisha. Tulizikimbilia pikipiki. Nilikuwa nimeshaiwasha yangu nilipohisi imebonyea nyuma, nikageuka, nikaona masharubu.

"Twende," sajenti akasema. Halafu, kwa sauti ya chini, "Nishike wapi?"

Nikamwambia ashike kiti. Alikishika kiti mpaka kwenye mtaro wa kwanza. Baada ya mtaro wa kwanza alinishika mimi, kwa nguvu zote za jeshi, huku ananiomba radhi kila tulipopaa. Wanakijiji walikuwa nyuma yetu wanakimbia, wengine wanashangilia dume, wengine sisi. Mrangi alikuwa kulia na kisu bado mkononi, akipiga honi makusudi sasa, na ule wimbo wa bibi harusi ulitangulia mbele yetu bondeni. Nadhani ndio uliozidisha mbio za yule ng'ombe.

Kwenye mchanga wa korongo pikipiki yangu ilizama gurudumu la mbele, mimi nikaenda upande huu na sajenti upande ule. Alianguka vibaya, kifudifudi, na alipoinua uso masharubu yalikuwa yamejaa mchanga na hayakuwa sawa tena. Nilimwuliza kama ameumia. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, nikafikiri analia, na labda alikuwa analia pia, lakini kilichotoka kilikuwa kicheko, kicheko cha mtu aliyekibana tangu asubuhi hospitalini. Tukakaa pale mchangani tukicheka kama wajinga wawili. Baadaye aliniambia kwamba walikuwa wote kikosi kimoja kule mbali, na kwamba marehemu aliwahi kuligonga jiko la kikosi kwa gari la maji. Chakula cha siku mbili kilikwenda. Hakuna aliyeweza kumkasirikia.

Dume lilizuiwa na katekista. Alilizunguka kwa juu, akateremka ukingo wa korongo amesimama kwenye vikanyagio, mikono imetandazwa, kanzu inapepea pande zote, na yule ng'ombe, ambaye hakuwahi kubarikiwa kwa mtindo ule, alisimama papo hapo akashangaa mpaka watu wakamfikia na kamba.

Tulikula nyama na ugali wa mtama, wa dini zote kwenye sinia moja. Sajenti alikaa na sisi, si na askari wake, na mama alimwongezea nyama bila kumwuliza. Alimtaka asimulie tena habari za jiko la kikosi. Alisimulia mara tatu.

Baada ya siku hiyo sajenti alianza kuonekana gereji Jumapili, bila sare, akitaka kufundishwa pikipiki. Tulimfundisha mpaka alipohamishwa. Hakuwa mbaya, wala hakuwa mzuri. Alikuwa anaendesha kama anavyoandika mtu mwenye mwandiko wa shule. Mrangi alimwuzia koti la mitumba lililomkaa vizuri kuliko sare, akakana kabisa kwamba alimpunguzia.

Siku ya kumaliza matanga tulikwenda tena wote watano, sajenti akiwemo. Mama alikuwa amekonda lakini alisimama imara, alikuwa na jembe mkononi tulipofika. Wakati wa kuondoka alitupatia gunia la karanga za shamba lake, tukagawane mjini. Ubishi wa kugawana ulianza kabla hatujamaliza kumuaga. Karani alidai gunia ligawiwe kwa kuzingatia idadi ya watoto, kwa kuwa alikuwa nao wengi. Mrangi alisema ligawiwe kwa uzito wa pikipiki. Katekista alijitolea kuwa mwamuzi, ila tuliona kwamba mifuko ya kanzu yake ilikuwa imeshatuna.

Mwishowe gunia lilifungwa nyuma ya karani. Hakuna aliyeangalia kwamba lina tundu. Tulitoka hapo mpaka Mbande tukibishana kwa kupiga kelele juu ya upepo, na kila nilipotazama nyuma niliwaona watu wameinama barabarani, wanawake, wachungaji na mbuzi wao, wakiokota na kutupungia mkono kwa furaha, nami nikadhani ni kwa sababu watu wa upande ule wamekuwa wakarimu sana siku hizi. Nikawapungia pia.